Mama Mukubwa na Gari la Kijani

Wiki iliyopita nilipanda teksi kuukuu hapa Lubumbashi, jua likiwa utosini. Dereva alikuwa ameiacha juani, vioo vimefungwa. Nilipoketi, kiti cha plastiki kikaniunguza mapaja, na kutoka nyuma ikanijia harufu ya petroli iliyochanganyika na samaki wa chumvi. Dereva aliniuliza ninakokwenda mara mbili kabla sijamsikia. Kwa dakika ile nilikuwa na miaka tisa, niko Kolwezi, na roho inaniuma kwa wivu.

Baba yangu, Salumu, alikuwa mchuuzi. Wazee wake walitoka Maniema, wakafuata reli na biashara hadi wakajikuta katika nchi ya shaba. Yeye hakuwahi kuteremka mgodini hata siku moja. Alipeleka chumvi, sabuni, nyembe na samaki wakavu Mutshatsha, akarudi na makala, yaani makaa ya kupikia, na mihogo. Kazi hiyo aliifanya kwa gari ambalo wenye Kifaransa waliliita break: gari refu, mgongo wake unakwenda sawa mpaka nyuma, halina buti, na mkiani lina mlango mmoja mpana. Alilinunua kwa Mgiriki mwenye duka, wakati wageni wengi walipokuwa wakifunga maduka yao na kuondoka. Hata siku hiyo lilikuwa limeshazeeka. Rangi yake ilikuwa kama maziwa yaliyochacha. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Mlango wa upande wangu ulifunguka kwa nje tu, na vioo vilishushwa kwa koleo moja lililozunguka kutoka mkono hadi mkono. Chini ya miguu yangu palikuwa na tundu lililozibwa kwa ubao. Nikiusogeza ubao kwa kisigino niliiona barabara ikikimbia chini yangu, nyekundu.

Wanawake wa soko waliliita gari hilo Mama Mukubwa, kwa sababu halikumkataa mtu. Lilibeba magunia, mbuzi, wagonjwa, maharusi. Mara mbili tatu lilibeba maiti, Baba akienda polepole na vioo vyote vimeshushwa. Mimi nililipenda bila kujua kwamba ninalipenda, kama mtoto anavyopenda mgongo wa mama yake. Ndipo likaja lile la kijani.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Tata Kayumba, karani wa kampuni ya migodi, mtu wa abakosi, koti lile lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Binti yake, Ngoie, alikuwa rafiki yangu. Ninyi mliokua nyakati zile mnajua urafiki wa njia ya shule. Sare zetu nyeupe na buluu zilikuwa zimeiva kwa vumbi kabla hatujafika kwenye bendera kuimba. Tuligawana andazi moja la mafuta, yeye akila upande wenye sukari nyingi leo, mimi kesho. Tulikuwa sawa. Sikujua wakati huo kwamba usawa nao ni mali, na kwamba ukipotea unauma kama kuibiwa.

Gari lilifika siku ya Jumapili, watu wakitoka misa. Lilikuwa dogo, jipya, limekaa chini kama paka anayenyemelea. Rangi yake ilikuwa ile ya mawe ya kijani tuliyookota kwenye vilima vya udongo wa mgodi, ile inayong'aa ukiilamba. Lilikuwa na buti yake nyuma yenye ufunguo wake. Mlango ulipofunguliwa taa ndogo iliwaka yenyewe ndani, mchana kweupe. Ulipofungwa ulisema "pu", sauti ya mtu anayeweka mto kitandani. Milango yetu ilipiga kelele hata ukiisihi. Viti vilikuwa bado vimevikwa plastiki ya dukani, na Tata Kayumba hakuiondoa siku hiyo wala miezi iliyofuata.

Alituzungusha watoto wa mtaa, wanne wanne. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimetoka kumsaidia Mama kupanga makala, na magoti yangu yalikuwa meusi. Tata Kayumba akaniangalia, akafungua buti, akatoa gazeti, akalitandaza juu ya plastiki.

"Ukae apa, mutoto," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Nilizunguka mtaa mzima nimekalia gazeti. Redio ilikuwa ikiimba, upepo ulikuwa mtamu, na mimi sikusikia kitu ila karatasi ikikwaruza chini yangu kila gari lilipokata kona. Nikateremka nimelichukia lile gari, na nimelitaka, vyote viwili kwa nguvu moja.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kulinganisha. Asubuhi la kwao liliwaka kwa mkono mmoja. La kwetu lilikohoa, likanyamaza, na majirani wakatoka na vikombe vyao vya chai kuja kusukuma. La kwao lilinukia upya. La kwetu lilinuka samaki hata mwezi ambao Baba hakubeba samaki. Kwao kulikuwa na saa ndani ya gari. Kwetu ndani ya nyumba saa ilikuwa moja, na ilisimama. Nikiomba dua baada ya chuo cha Kurani, nilimwomba Mungu ampeleke mbuzi wa jirani apande juu ya lile bati la kijani akachezee huko na kwato zake. Mbuzi hakupanda.

Ngoie alianza kwenda shule kwa gari. Lilinipita nikiwa kando ya barabara, naye ndani, nyuma, peke yake, ameketi wima, macho mbele, mikono mapajani. Hakucheka. Hakugeuza shingo. Nilisema moyoni: tazama anavyojivuna. Darasani alinisogelea kama zamani, nami nikasogea mbali. Akiniletea andazi nilimwambia nimeshiba. Watoto wengine walikuwa wameanza kuniita "samaki kavu", na niliamini kabisa kwamba ni yeye aliyewafundisha.

Siku ambazo Baba alinipeleka shuleni, nilimwomba aniteremshe mbali.

"Apa? Lakini masomo iko kule," alisema, akinyoosha kidole.

"Nataka kutembea, Baba."

Aliangalia viatu vyangu, kisha akaangalia mbele. "Bon," akasema. Kuanzia siku hiyo alisimama palepale pa mbali bila kuambiwa, akatoka, akazunguka kunifungulia ule mlango unaofunguka kwa nje tu, akaondoka. Leo nina watoto na wajukuu, na ile "bon" yake bado ninaisikia.

Wakati huo Mama Ngoie alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Siku moja Mama alisimama naye kwenye uzio wakicheka, na aliporudi ndani alimwambia Baba, "Motoka yao ni ya muzuri, lakini haina tumbo." Alimaanisha haliwezi kubeba kitu. Mimi nilielewa kwamba gari lao halina tumbo, kwa hiyo halili petroli, ilhali Baba kila wiki alilalamika jinsi letu linavyokula. Hata njaa, basi, wao walikuwa hawana! Nilikaa na wivu huo mpya siku nyingi, na sikumuuliza mtu.

Ikaja mvua kubwa. Siku ya Ijumaa Baba alirudi kutoka Mutshatsha akiwa na tope hadi kwenye nyusi. Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda, alikuwa amelala chini ya Mama Mukubwa akikaza kitu, miguu tu ndiyo inaonekana, Mama alipomwambia kwamba majirani wanasafiri. Mama yake Mama Ngoie alikuwa mgonjwa huko Mutshatsha, na binti alitaka kumwona kabla hajajifungua.

Baba alijivuta kutoka chini ya gari. "Na ile motoka ya chini? Salima! Kimbia kwa Tata Kayumba. Umuambie maji imebeba miti ya daraja. Asipite njia ya chini, apite ya juu, ya batu ba makala. Umesikia? Ya juu. Ao angoje siku mbili."

Nilikimbia. Nataka hili lieleweke: nilikimbia kweli, na maneno nilikuwa nayo mdomoni yote. Nilipotokea langoni kwetu, lile gari la kijani lilikuwa limeshatoka kwao, linakuja polepole likikwepa madimbwi. Tata Kayumba alikuwa kwenye usukani, mkewe pembeni yake, Ngoie nyuma. Nikainua mkono. Na Ngoie, nyuma ya kioo kilichofungwa, naye akainua wake, vidole vikielekea chini, akaupunga mara mbili, upesi upesi.

Nilijua maana yake. Ulikuwa mkono wa kumfukuza kuku. Toka.

Mkono wangu ukashuka. Baba yake alinipigia honi kunisalimia, honi yenye sauti mbili, na gari likapita mbele yangu karibu kiasi cha kuligusa. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kupiga bati kwa kiganja, angesimama. Nilifikiria tope. Niliona kwa macho ya moyo lile tope jekundu likipanda kwenye milango ya kijani, likiingia ndani, likikaa juu ya plastiki. Mara moja tu, nilijiambia. Lichafuke mara moja tu. Nikalitazama hadi likakata kona.

"Umemuambia?" Baba aliuliza, amesharudi chini ya gari.

"Ndiyo, Baba."

Saa za adhuhuri, Baba akitandika mkeka wa kuswalia, mwuza makala mmoja alifika na baiskeli yake, anahema, magunia ameyaacha porini. Alikuwa akiulizia mwenye Mama Mukubwa.

"Tata, kuko motoka ya kijani imezama pa mutoni. Mama mumoja eko analia. Eko na mimba."

Baba hakuuliza gari la nani. Alinigeukia, akanitazama kwa muda unaotosha kuvuta pumzi moja, kisha akakunja mkeka. Mama alishachukua vikwembe safi, vitenge vya kujifunga, na birika. Baba akachukua wembe mpya kutoka katika sanduku la biashara. Majirani wakasukuma. Gari lilipowaka, Baba alinifungulia mlango.

"Ingia," alisema.

Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo, mengine makubwa zaidi, lakini picha ile haijafutika. Gari la kijani lilikuwa limeinamia mtoni, maji yamefika kwenye taa, buti juu hewani. Tope nililoliomba lilikuwa limeingia kila mahali, kama nilivyotaka. Tata Kayumba alikuwa amesimama kando na viatu mkononi, abakosi yake nyekundu hadi kiunoni. Mkewe alikuwa amelala ubavu juu ya majani, ameuma ncha ya kikwembe chake. Ngoie alikuwa amechuchumaa kichwani pake, akimpepea kwa daftari.

"Eh, Tata Salumu!" Tata Kayumba alikuja akijikwaa. "Mi sikujua. Hakuna mutu aliniambia kama daraja imekwenda. Weye unapitaka uku kila juma. Hakuna mutu!"

Baba alisimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika shati lake. Nilihisi mgongo wake ukikakamaa chini ya kitambaa. Nilijua kwamba sasa atageuka, na nilijua kila mtu pale ataniangalia.

"Ni kosa yangu, tata," Baba alisema. "Ilikuwa kazi yangu kukuambia. Haikufika kwako. Unisamehe."

Walimlaza Mama Ngoie nyuma ya Mama Mukubwa, juu ya magunia matupu, mahali palipokuwa na samaki. Palikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Mama alipanda naye, Tata Kayumba akapanda amshike mkewe kichwa, na sisi wasichana wawili tukabanwa mbele pamoja na Baba. Tukarudi Kolwezi kwa mwendo wa maiti, kwa sababu kila shimo lilimtoa kilio.

Ngoie alinong'ona, "Asubui nilikuita. Juu ya nini ulikatala?"

"Uliniita wapi?"

"Pa mulango yenu. Na mukono." Akauinua mkono wake palepale mapajani, vidole chini, akaupunga mara mbili, upesi upesi. "Nilisema kuya. Tata alikubali. Alisema kama unataka, tuende nawe."

Niliuangalia ule mkono. Kwetu kumwita mtu na kumfukuza ni mkono uleule, vidole vilevile vinaelekea chini. Tofauti iko katika uso, na uso wake ulikuwa nyuma ya kioo.

"Mule ndani niko naogopa," aliendelea. "Siwezi kugusa kioo, siwezi kugeuka. Nikiangalia pembeni minasikia kutapika, na tata atakasirika juu ya kiti. Kila siku ananitandikia gazeti. Weye uko nacheka na bamama mu motoka yenu, mi niko nakuona tu. Nilitaka tuende bawili."

Nyuma yetu Mama alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Simamisha, Baba Salima. Simamisha sasa." Baba akasimamisha, akazima injini, akateremka na kutugeuzia mgongo. Tukakaa sisi wawili tumetazama mbele kama Mama alivyotuamuru, mikono yetu imeshikana, na barabara mbele yetu tupu. Mama Ngoie alipiga kelele mara tatu. Halafu kukawa kimya kirefu. Katika kimya kile nilielewa kwamba mtu anaweza kuua kwa kufunga mdomo. Nikasikia Mama akipiga kitu kwa kiganja, pa, pa, na kusema, "Lia, weye. Lia!" Nikaanza kulia mimi.

Kisha akalia yeye.

Alikuwa mvulana. Hospitali waliwapokea wote wawili, na baada ya siku chache wakarudi nyumbani wazima. Tata Kayumba alimwandikisha kwa jina la Salumu, jina la Kiislamu kwa mtoto wa Kikatoliki, na mtaa mzima ulikuja kumpongeza Baba. Baba aliwapa watu chai. Hakunipiga, hakunifokea. Nilingoja adhabu kama watu wanavyongoja mvua, nikakosa hata usingizi.

Siku ya saba, au ya nane, aliniita kando ya gari.

"Ile maneno nilikutuma," alisema, "umeifikisha?"

"Hapana, Baba."

"Basi iko ingali mudomoni mwako. Peleka."

"Baba, nitasema nini sasa?"

"Ile ile. Halafu useme juu ya nini ulikawia."

Ni nyumba mbili tu, na sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Tata Kayumba alikuwa uani. Gari la kijani lilikuwa limevutwa hadi nyumbani, na vipande vyake vilikuwa vimeanikwa juani. Plastiki ya viti ilikuwa imeondolewa hatimaye, iko kwenye kamba kama nguo. Nilisimama mbele yake nikasema yote kwa pumzi moja: miti ya daraja imekwenda, asipite njia ya chini, apite ya juu, ao angoje siku mbili, Baba alinituma Jumamosi, mimi sikusema, kwa sababu nilikuwa na wivu na motoka.

Alikamua kitambaa alichokuwa nacho mkononi, maji yakachuruzika kwenye viatu vyake. Nilidhani hajanielewa.

"Mi, ni motoka tu iliumia," alisema mwishoni. "Ingia ndani. Umuambie yeye."

Mama Ngoie alikuwa ameketi kitandani, mtoto kwenye titi. Ngoie alikuwa mlangoni, na alisikia kila neno. Nilipomaliza, Mama Ngoie alimtoa mtoto kwenye titi, akamfuta mdomo, akasimama kwa shida, akanigeuza kwa bega. Akamweka mgongoni pangu na kumfunga kwa kikwembe, akakaza fundo kifuani hadi nikakosa pumzi.

"Kila siku kisha masomo utakuya kumubeba," alisema. "Mpaka atembee. Mi niko na biakula ya kupika."

Ngoie hakunisemesha kwa wiki tatu. Wiki ya nne alikuja kunirekebishia kikwembe kilichokuwa kinateleza, na hakuondoka tena. Gari lile lilitengenezwa, lakini halikuwa lilelile. Lilipigwa mnada kabla ya kiangazi kingine, na Tata Kayumba akarudi kwenye basi la kampuni. Mama Mukubwa alidumu miaka mitatu zaidi. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilimbeba Salumu kwa jua na kwa baridi ya asubuhi, nikijua kilio chake cha njaa na kilio chake cha usingizi, hadi ikawa mgongo wangu ukiwa mtupu ninahisi nimesahau kitu mahali.

Alipoanza kusimama, tulimweka katikati ya ua, wote tukiwa pale: mama yake, mama yangu, Baba akiwa na kikombe chake. Mimi nilichuchumaa upande mmoja na kumnyooshea mikono, Ngoie upande wa pili. Salumu akayumba, akanitazama mimi kwanza, akacheka. Kisha akageuka, akapiga hatua moja, mbili, tatu, akamwangukia dada yake. Uani wakapiga vigelegele. Nami nilipiga makofi pamoja nao, roho ikiniuma kwa wivu, kisha nikanyoosha mikono tena, nikabaki nimechuchumaa palepale nikimngoja ageuke.